Lugha Moja, Majina Mawili: Wasemaji wa Kimaa kati ya Mlima Meru na Mpaka wa Kenya, 1886–2022

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna majina ya makabila yalivyotumika kugawa ardhi na haki ya ukaazi miongoni mwa wasemaji wa Kimaa wanaoishi kati ya Mlima Meru, kaskazini mwa Tanzania, na kusini mwa Kenya. Hoja kuu ni kwamba wasemaji hao waligawanywa na mipaka miwili ya kikoloni. Mpaka wa kimataifa wa mwaka 1886 uliwaweka Wamaasai, watu wenye jina moja, katika nchi mbili. Mpaka wa kiutawala kati ya mlima na tambarare, uliokamilishwa katika miaka ya 1920, uliwafanya Waarusha na Wamaasai, watu wenye lugha moja, kuhesabiwa kuwa makabila mawili ndani ya nchi moja. Makala yanaonesha kuwa mpaka wa pili, ambao haumo katika ramani yoyote ya dunia, ulikuwa na athari kubwa kwa maisha ya watu sawa na ule wa kwanza, na kwamba athari za mipaka yote miwili bado zinaonekana katika maswali ya uraia na malisho ya leo.

1.0 Utangulizi

Soko la Kisongo lipo magharibi mwa jiji la Arusha, pale yanapoishia mashamba ya miteremko ya Mlima Meru na kuanza tambarare za malisho. Siku ya soko, wanawake wa mlimani hufika na mahindi, maharage na ndizi, na wafugaji hufika na mbuzi, kondoo na ng'ombe. Mnunuzi na muuzaji huamkiana kwa maneno yale yale. Mwanamke huamkiwa takwenya, naye huitikia iko. Baada ya maamkizi huulizana ukoo, na mara nyingi hubainika kuwa mmoja ni wa ukoo wa Mollel au Laizer kama mwenzake, au kwamba waume zao ni wa rika moja la jando. Hata hivyo, wanapoachana jioni, mmoja hupanda mlimani akijulikana kuwa Mwarusha, na mwingine hurudi tambarare akijulikana kuwa Mmaasai.

Takribani kilomita 110 kaskazini, katika mji wa Namanga, hali ni kinyume cha hiyo. Mfugaji anayevuka barabara kutoka upande wa Longido kwenda upande wa Kajiado hubadilisha nchi, sarafu, bendera na sheria, lakini jina lake halibadiliki. Pande zote mbili yeye ni Mmaasai.

Makala haya yanaanzia katika tofauti hiyo. Kwa nini watu wanaotembeleana kwa mwendo wa saa chache walipata majina mawili, ilhali watu waliotenganishwa na mpaka wa kimataifa walibaki na jina moja? Na je, jina hilo liliwapa au liliwanyima nini? Swali la pili ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa katika historia ya eneo hili jina la kabila lilikuwa hati ya ardhi kabla hati zenyewe hazijaandikwa.

Utafiti uliotangulia umeweka msingi imara. P. H. Gulliver (1963) alichambua namna Waarusha walivyosuluhisha migogoro yao kupitia marika na koo, na baadaye (1969) akawalinganisha na Wamaasai. Thomas Spear (1997) aliandika historia ya kilimo na ardhi ya Waarusha na Wameru. Dorothy Hodgson (2001) alionesha jinsi serikali ya kikoloni na mipango ya maendeleo ilivyomtengeneza "Mmaasai" kuwa mfugaji mwanamume na si mtu mwingine. Mkusanyiko uliohaririwa na Spear na Richard Waller (1993) ulihoji dhana yenyewe ya kuwa Mmaasai. Kwa kiasi kikubwa, kazi hizi ziliutazama mlima na mpaka wa kimataifa kila kimoja kwa nafasi yake. Makala haya yanaviweka pamoja.

2.0 Mlima, Tambarare na Majina kabla ya Ukoloni

Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,562, hupokea mvua nyingi upande wa kusini na mashariki, na hutoa mito inayotiririka hata wakati wa kiangazi. Tambarare zinazouzunguka upande wa kaskazini na magharibi ni kavu. Tofauti hiyo ya mvua ndiyo iliyogawa kazi. Mlimani palilimwa, tambarare palichungwa.

Wameru, wanaosema lugha ya Kibantu iliyo karibu na Kichaga, ndio waliotangulia kukaa katika miteremko ya kusini-mashariki. Waarusha walifika miteremko ya kusini-magharibi katika miaka ya 1830 wakitokea Arusha Chini, eneo lililopo kusini mwa Kilimanjaro. Waliendelea kusema Kimaa na kufuata mfumo wa marika, lakini maisha yao yalijengwa juu ya kilimo cha ndizi, mahindi na maharage. Kadiri walivyoenea waliwaingiza Wameru wengi katika koo zao, kwa vita, kwa ndoa na kwa kuwalea watoto. Baadhi ya desturi za marika nazo zilihamia kwa Wameru. Kwa hiyo jamii ya mlimani ilikuwa tangu mwanzo mchanganyiko wa watu wa asili mbalimbali.

Mahusiano ya Waarusha na Wamaasai wa tambarare, hasa wa sehemu ya Kisongo, yalikuwa ya kutegemeana. Wafugaji walihitaji nafaka, asali na tumbaku, hasa wakati wa ukame. Wakulima walihitaji mifugo kwa ajili ya mahari na sadaka. Wanawake walioshuka kuuza na waliopanda kuhemea chakula ndio waliobeba uhusiano huo, hata nyakati ambazo vijana wa pande mbili walikuwa wakipigana. Waarusha walifungua na kufunga marika yao kwa kufuata Wakisongo, kiasi kwamba kijana wa mlimani aliyeshuka tambarare alijua ni wazee gani wa kuwaheshimu na ni vijana gani wa kukaa nao boma moja.

Majina yaliyotumika wakati huo hayakuwa majina ya makabila kwa maana iliyokuja kuzoeleka baadaye. Wafanyabiashara wa misafara kutoka pwani waliwaita baadhi ya wasemaji wa Kimaa "Wakwavi" na wengine "Wamaasai", na mmisionari J. L. Krapf aliichukua tofauti hiyo alipochapisha msamiati wake wa lugha ya "Iloikop" mwaka 1854. Wafugaji wenyewe walikuwa na neno Ilumbwa, lenye dharau ndani yake, kwa wale waliosema Kimaa lakini wakashika jembe. Majina haya yote yalieleza namna mtu anavyopata riziki na anavyotazamwa na jirani yake. Hayakueleza damu wala nchi, na mtu angeweza kutoka katika jina moja na kuingia katika jingine kabla hajazeeka.

Ushahidi mkubwa wa jambo hilo ni maafa ya mwishoni mwa karne ya 19, yanayokumbukwa kwa Kimaa kuwa emutai, yaani maangamizi. Ugonjwa wa homa ya mapafu ya ng'ombe, sotoka ya miaka ya 1890 na 1891, ndui na njaa viliwaacha wafugaji wengi bila mnyama hata mmoja. Wengi walikimbilia kwa wakulima wa milimani, wakiwamo Waarusha. Walipewa hifadhi, walilima, na watoto wao walitahiriwa pamoja na watoto wa wenyeji. Baadhi walirudi tambarare walipopata tena mifugo. Wengine hawakurudi, na wazao wao ni Waarusha. Katika kizazi hicho kimoja, mtu alikuwa Mmaasai mwaka 1885 na Mwarusha mwaka 1895, na hakuna ofisi iliyomtaka athibitishe lolote kati ya hayo mawili.

3.0 Mpaka wa Kwanza: Mstari wa 1886

Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya Novemba 1886 yalichora mstari kutoka mdomo wa mto Umba katika pwani, ukapita Ziwa Jipe, ukazunguka kaskazini mwa Kilimanjaro, kisha ukanyooka hadi Ziwa Viktoria kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta. Waliouchora hawakuwa wamepima ardhi hiyo, na wakaaji wake hawakuulizwa. Kwa wasemaji wa Kimaa, matokeo yalikuwa kwamba Wakisongo na sehemu ya Waloita walihesabiwa kuwa chini ya Ujerumani, na Wamatapato, Waloodokilani, Wakaputiei, Wakeekonyokie na Wapurko wakahesabiwa kuwa chini ya Uingereza.

Kwa miaka ya mwanzo mstari huo haukuwa na nguvu kubwa. Baada ya kifo cha laiboni mkuu Mbatian, yapata mwaka 1890, wanawe Olonana na Sendeyo waligombea urithi. Olonana alishirikiana na Waingereza upande wa kaskazini, na Sendeyo aliegemea kusini hadi aliposalimu amri kwa ndugu yake mwaka 1902. Ugomvi huo ulikuwa wa ukoo mmoja wa malaiboni, na wafuasi wa kila upande walivuka mstari kadiri walivyohitaji. Lakini uligeuzwa kuwa jambo la dola mbili, kwa sababu kila mmoja alitafuta ulinzi mahali tofauti.

Nguvu ya mpaka iliongezeka pale tawala zote mbili zilipoanza kuwafungia wafugaji ndani ya maeneo maalumu. Upande wa Kenya, makubaliano ya mwaka 1904 yaliwaondoa Wamaasai katika sehemu bora za Bonde la Ufa, na yale ya mwaka 1911 yakawaondoa Laikipia na kuwasukuma kusini, uhamisho uliokamilika mwaka 1913, mwaka ambao kesi yao ilishindwa mahakamani. Upande wa Ujerumani, karibu na mwaka 1905, serikali ilitenga hifadhi ya Wamaasai kusini mwa njia ya Moshi na Arusha ili tambarare za kaskazini zibaki wazi kwa walowezi na kwa ulinzi wa mpaka. Katika nchi zote mbili, jina "Mmaasai" lilianza kumaanisha mtu mwenye eneo lake, na asiyetakiwa nje ya eneo hilo.

Jambo moja halikukatwa na mstari, nalo ni kalenda ya marika. Rika jipya hufunguliwa kwa sherehe ya kushika pembe ya ng'ombe inayofanywa kwanza na Wakeekonyokie, ambao wako Kenya. Rika linapokomaa na kuingia uzee, Wakisongo, ambao wako Tanzania, ndio hutangulia kufanya sherehe ya olng'esherr katika kilima cha Endonyo Olmorwak, magharibi mwa Kilimanjaro, na rika hupata jina lake la kudumu. Mzunguko wa maisha ya mwanamume wa Kimaasai huanzia nchi moja na kukamilika katika nchi nyingine. Waarusha wa Mlima Meru, kwa kuwafuata Wakisongo, wamo ndani ya mzunguko huo huo.

4.0 Mpaka wa Pili: Kutoka Mlima hadi Tambarare

Wakati mstari wa 1886 ukiwatenga Wamaasai na Wamaasai wenzao, matukio ya Mlima Meru yalikuwa yakiandaa mgawanyiko mwingine. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, upande wa Wameru. Kapteni Kurt Johannes alifanya mashambulizi ya kulipiza kisasi yaliyoteketeza migomba na kupora mifugo ya Waarusha na Wameru kwa maelfu. Machi 1900 viongozi kadhaa wa Kichaga na wa Mlima Meru walinyongwa Moshi, Mangi Meli akiwa mmoja wao. Katika kipindi hicho hicho boma la Arusha lilijengwa. Jengo hilo ndilo lenye makumbusho katikati ya jiji hivi leo. Misheni ya Leipzig ilirudi, ikafungua kituo Nkoaranga kwa ajili ya Wameru mwaka 1902 na kingine Ilboru kwa ajili ya Waarusha mwaka 1904. Kila kabila lilipewa kituo chake, na kila kituo kikalithibitisha kabila lake.

Kisha ikaja ardhi. Walowezi wa Kijerumani, na Makaburu waliofika kutoka Afrika Kusini katika miaka ya 1904 na 1905, walipewa mashamba kuuzunguka mlima chini ya makazi ya wenyeji. Majina ya baadhi ya mahali walipokaa bado ni ya Kimaa. Engare Nanyuki ni "maji mekundu", na Oldonyo Sambu ni mlima wa rangi rangi. Mashamba hayo yaliwazuia wakulima wasishuke na wafugaji wasipande. Njia za kwenda malisho ya kiangazi na vyanzo vya chumvi zilikatwa. Kwa mara ya kwanza mlima na tambarare zilitenganishwa na ukanda wa watu ambao hawakuwa wa huku wala kule.

Utawala wa Kiingereza uliurithi ukanda huo na kuujengea mfumo wa kiutawala. Chini ya Gavana Donald Cameron, Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 ilidai kila kabila liwe na mamlaka yake, hazina yake na eneo lake. Hapo ndipo swali la nani ni Mwarusha na nani ni Mmaasai lilipohitaji jibu la maandishi. Wilaya ya Arusha iliwekwa kwa ajili ya Waarusha na Wameru, waliopewa machifu. Wilaya ya Masai, ambayo makao yake yalikuja kuwa Monduli, iliwekwa kwa ajili ya wafugaji, na maofisa wake walifanya juhudi za mara kwa mara kuwaondoa wale waliowaita wakulima wageni. Kama Hodgson anavyoonesha, kigezo kilikuwa riziki. Aliyefuga alikuwa Mmaasai halisi; aliyelima alitiliwa shaka, hata kama lugha, ukoo na rika lake vilikuwa vya Kimaasai.

Hapa ndipo tofauti ya mipaka miwili inapojitokeza. Mfugaji wa Longido na mfugaji wa Kajiado walikuwa chini ya magavana wawili, lakini wote waliandikwa Wamaasai, na serikali zote mbili zilikubali kuwa ni watu wa aina moja. Mkulima wa Ilboru na mfugaji wa Monduli walikuwa chini ya gavana mmoja, lakini waliandikwa makabila mawili, na mmoja alihitaji ruhusa ili aishi katika eneo la mwenzake. Neno Ilumbwa, lililokuwa kejeli ya jirani kwa jirani, lilipata sasa kitu kinachofanana nalo katika sheria.

Ugumu wa mfumo huo ulionekana watu wa mlimani walipoongezeka. Familia za Waarusha zilizokosa shamba zilianza kushuka magharibi, kupita Kisongo na kuelekea Monduli, yaani ndani ya Wilaya ya Masai. Serikali iliyumba kati ya kuwafukuza kwa kuwa si Wamaasai na kuwavumilia kwa kuwa mlima ulikuwa umejaa. Mjini Dar es Salaam kulikuwa na njia ya tatu, yaani kurudisha mashamba ya walowezi, lakini Tume ya Wilson, iliyotoa ripoti mwaka 1947, ilipendekeza kuyapanga upya mashamba hayo ili Wazungu wapate eneo moja lisilokatizwa. Pendekezo hilo ndilo lililosababisha kufukuzwa kwa Wameru takribani 3,000 kutoka Engare Nanyuki na Leguruki kuanzia Novemba 1951, na safari ya Kirilo Japhet kwenda Umoja wa Mataifa mjini New York mwaka 1952. Kesi ya ardhi ya Wameru inakumbukwa, kwa haki, kama hatua ya kuelekea uhuru. Kisichotajwa sana ni kwamba Waarusha, majirani waliobanwa na ukanda ule ule wa mashamba, walitatua shida yao kwa njia ya kimyakimya zaidi: walitumia ukoo na rika kupata mwenyeji tambarare. Mtu aliyeshuka hakuomba ardhi kwa mkuu wa wilaya, bali alimwomba mzee wa rika la baba yake. Mpaka wa kiutawala uliwatambua kuwa wageni, na mfumo wa marika ukawatambua kuwa ndugu.

5.0 Mipaka Miwili baada ya Uhuru

Serikali huru ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa ya mwisho kuchapisha idadi ya watu kwa kabila. Kwa sera hizo, mpaka wa ndani ulidhoofishwa kwa makusudi: Mwarusha na Mmaasai wote walikuwa wananchi, na serikali haikutaka tena kuwahesabu kwa majina hayo. Vijiji vilivyoanzishwa katika wilaya za wafugaji katikati ya miaka ya 1970 kupitia Operesheni Imparnati navyo viliwaandikisha watu kwa makazi, si kwa kabila. Hata hivyo, ramani ya wilaya ilihifadhi kumbukumbu. Arumeru ilipogawanywa mwaka 2007, halmashauri mbili zilizotokea ziliitwa Arusha na Meru. Na upande wa wafugaji, Longido ilizaliwa kutoka Monduli.

Wakati mpaka wa ndani ukilegezwa, ule wa kimataifa ulikazwa. Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, na Mwalimu Nyerere alikuwa miongoni mwa waliolisukuma azimio hilo. Hoja yake ilikuwa ya busara, kwani kuufungua mpaka mmoja kungefungua vita vingi. Lakini gharama yake iliwaangukia watu wa mipakani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya hadi Novemba 1983. Kwa zaidi ya miaka 6, kwenda mazishini ng'ambo ya Namanga kulikuwa kosa kisheria.

Katika miaka ya karibuni, swali la mpaka limekuja kwa sura ya mifugo na uraia. Oktoba 2017 mamlaka za Tanzania ziliwapiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 waliotoka upande wa Kenya kutafuta malisho, jambo lililoleta malalamiko ya kidiplomasia. Juni 2022, wakati wa uwekaji wa vigingi kuzunguka eneo la kilomita za mraba 1,500 huko Loliondo, baadhi ya wakazi walivuka kwenda Narok, na serikali ikaagiza uhakiki wa wahamiaji wasio na vibali katika eneo hilo. Serikali ilieleza hatua ya vigingi kuwa ni ya uhifadhi wa mazingira. Waliopinga waliieleza kuwa ni kunyang'anywa ardhi ya vijiji. Kwa makala haya, jambo la kuzingatia ni kwamba katika mjadala huo jina "Mmaasai" lilikuwa na kasoro ambayo jina "Mwarusha" halina. Linapatikana pande mbili za mpaka. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu Wamaasai 1,189,522. Kwa kuwa sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, mwenye jina hilo anaweza kuulizwa ni wa upande upi. Mwarusha, anayesema lugha ile ile na aliyetahiriwa katika rika lile lile, ana jina lililofungamana na mlima ulio ndani kabisa ya Tanzania, na swali hilo halina pa kushikia.

Jina hilo hilo lililomnyima babu yake tambarare linampa mjukuu usalama wa uraia. Na jina lililompa mfugaji eneo lake katika miaka ya 1920 linamfanya mzao wake atakiwe kuthibitisha kuwa si mgeni.

Urithi wa utamaduni nao haukuepuka mpaka. Mwaka 2018 UNESCO iliandikisha sherehe tatu za marika, yaani enkipaata, eunoto na olng'esherr, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa maombi ya Kenya peke yake. Kilima cha Endonyo Olmorwak, ambako olng'esherr ya kwanza hufanyika, kipo Tanzania.

6.0 Ulinganisho: Waromania na Wavlahi wa Serbia

Hali ya lugha moja na majina mawili haipatikani Afrika Mashariki peke yake. Nchini Serbia, jirani wa Romania, zipo jamii mbili zinazosema lahaja za Kiromania. Walioko Vojvodina, kaskazini, waliishi chini ya dola ya Habsburg hadi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuwa na shule na makanisa yao, na hujiita Waromania. Walioko bonde la Timok, mashariki, huitwa Wavlahi kwa Kiserbia, jina la kale walilopewa na majirani zao. Wanapozungumza lugha yao wenyewe hujiita kwa neno lenye asili moja na "Waromania". Serbia inawatambua kuwa jamii mbili, kila moja ikiwa na baraza lake la kitaifa. Romania inasisitiza kuwa ni watu wamoja, na Februari 2012 ilichelewesha Serbia kupewa hadhi ya nchi mgombea wa Umoja wa Ulaya hadi pande hizo mbili ziliposaini itifaki kuhusu haki za jamii hizo. Katika sensa ya Serbia ya mwaka 2011 waliojiandikisha Wavlahi walikuwa 35,330 na Waromania 29,332. Mwaka 2022 Wavlahi walikuwa 21,013 na Waromania 23,044.

Kufanana kunaonekana katika mambo mawili. Kwanza, jina lililotolewa na jirani, kama Wavlahi au Wakwavi, lilichukuliwa na dola na kufanywa kundi la kisheria. Pili, kilichoamua nani apewe jina lipi kilikuwa historia ya utawala zaidi ya lugha.

Tofauti nayo ni kubwa, na ndiyo inayoeleza uzito wa suala la Mlima Meru. Mvlahi wa Timok, atake asitake, ana dola ng'ambo ya mpaka inayomsemea. Mmaasai hana dola kama hiyo. Kenya si nchi ya Wamaasai kwa maana ambayo Romania ni nchi ya Waromania. Huko nako wao ni jamii ndogo iliyopoteza ardhi kubwa. Misimamo ya nchi hizo mbili kuhusu haki zao pia inapishana. Tanzania ililipigia kura ya ndiyo Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili mwaka 2007, lakini haitambui jamii yoyote nchini kwa hadhi hiyo. Kenya haikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana, lakini katiba yake ya mwaka 2010 inawataja wafugaji miongoni mwa jamii zilizowekwa pembezoni. Kwa hiyo haki ya mtu wa Kimaa inategemea amezaliwa upande upi wa mstari wa 1886, na upande upi wa mpaka wa mlima.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa utengano wa Waarusha na Wamaasai haukutokana na lugha, koo wala marika, ambavyo walivichangia na wanavichangia hadi leo. Ulikuwepo mlimani na tambarare kama tofauti ya riziki, yenye kejeli na ushindani ndani yake, lakini yenye mlango wazi. Utawala wa kikoloni uliufunga mlango huo kwa ukanda wa mashamba, kisha kwa wilaya, machifu na orodha za kodi. Wakati huo huo, mpaka wa kimataifa uliwagawa Wamaasai bila kuwapa majina mapya, na kwa sababu hiyo ukawaachia mashaka ambayo dola huru zimeyarithi.

Kwa watafiti, matokeo haya yanadai kwamba historia ya Mlima Meru na historia ya mpaka wa Namanga zisomwe pamoja. Nyaraka za Wilaya ya Masai na za Wilaya ya Arusha zinazozungumzia familia zile zile zinapaswa kulinganishwa, na simulizi za koo zikusanywe kwa kufuata ukoo badala ya wilaya. Kwa watunga sera, linabaki suala la vitendo. Uthibitisho wa uraia katika wilaya za mpakani unapotegemea lugha, mavazi au jina la ukoo, unategemea vitu ambavyo havijawahi kutofautisha nchi na nchi. Wazee wa marika wa Kisongo, wa Ilboru na wa Kajiado wanajua nani alitahiriwa wapi, lini na pamoja na nani. Ushahidi huo ni wa kale kuliko mpaka, na wakati wenye kuukumbuka wangali hai unaweza kuandikwa.